Alama Karibu, Programu Mbali: Jinsi Shamba la Seva Linavyowahudumia Watu Wengi

Mwanafunzi aketipo mbele ya kompyuta huona juu ya kioo alama ndogo zenye picha na majina. Akibofya mojawapo mara mbili, programu hufunguka. Kwa sababu ya mazoea, wengi wetu hudhani kwamba alama ile ndiyo programu yenyewe, au kwamba programu haina budi kuwamo ndani ya mashine ile ile. Dhana zote mbili ni potofu. Alama ni kielekezi tu, mfano wa kadi katika orodha ya maktaba. Kadi huonyesha kitabu kilipo, lakini si kitabu. Ukiichana kadi, kitabu hakichaniki. Na aliyenyimwa kadi aweza bado kukichukua kitabu iwapo mlango wa chumba cha vitabu uliachwa wazi.

Msomaji aushike mfano huo, kwa maana tutaurudia. Katika makala haya tutaeleza jinsi programu iliyowekwa katika kompyuta kuu inavyoweza kutumiwa na watu walio mbali, jinsi alama zake zinavyofikishwa kwenye vioo vyao, na hatari zinazofuatana na utaratibu huo. Somo hili lawahusu walimu na wanafunzi kwa sababu shule yenye kompyuta kuukuu thelathini yaweza kuzifanya zitumike tena kwa njia hii; na lawahusu pia kwa sababu asiyeelewa alama ni nini ni rahisi kudanganywa kwayo.

1. Asili ya wazo hili

Katika miaka ya 1950 kompyuta zilikuwa chache, kubwa, na ghali mno. Mtu aliandaa kazi yake katika kadi zilizotobolewa, akazikabidhi kwa wahudumu wa mashine, kisha akarudi baada ya saa kadhaa, au kesho yake, kuchukua majibu. Kosa la herufi moja liliweza kumpotezea siku nzima.

Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Mfumo huo uligawanya muda wa kompyuta moja katika vipande vidogo vidogo na kuwapa watumiaji kwa zamu. Kwa kuwa zamu zilipokezana upesi sana, kila mmoja alijiona kana kwamba mashine yote ni yake. Mfumo huo ulikuwa pia miongoni mwa mifumo ya kwanza kumtaka mtumiaji atoe neno la siri, maana penye watu wengi katika mashine moja hapana budi kila mtu awe na mpaka wake.

Kompyuta ndogo za mezani zilipoenea katika miaka ya 1980, ilionekana kwamba zama za kugawana mashine zimekwisha. Lakini matatizo mapya yalizuka. Ofisi yenye kompyuta 200 ilikuwa na nakala 200 za programu ile ile. Programu ikitolewa toleo jipya, fundi alilazimika kuzizungukia zote. Na kompyuta zilizochakaa zilishindwa kubeba programu mpya. Hivyo wazo la kale likarudi kwa sura nyingine. Mwaka 1989 Ed Iacobucci, aliyekuwa amefanya kazi IBM, alianzisha kampuni ya Citrix. Mwaka 1995 kampuni hiyo ilitoa WinFrame, mfumo uliojengwa juu ya Windows NT 3.51 na ulioruhusu watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1998 Microsoft nayo ilitoa toleo la Windows NT 4.0 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Baadaye, katika Windows Server 2008, Microsoft iliingiza huduma ya RemoteApp, ambayo humletea mtumiaji dirisha la programu moja tu badala ya meza nzima ya kompyuta ya mbali. Kazi ya kuiweka programu tayari kwa watumiaji namna hii mafundi huiita kuichapisha programu.

2. Kazi inavyogawanywa

Katika utaratibu huu pana pande mbili. Upande wa kwanza ni seva, yaani kompyuta kuu ambamo programu imewekwa. Kukokotoa, kutafuta, na kuhifadhi hufanyika huko. Upande wa pili ni kompyuta ya mtumiaji. Kazi yake ni ndogo: kupeleka habari za vidole na kupokea picha. Mtumiaji akigusa herufi kwenye kibodi, au akisogeza kipanya, taarifa ya tendo hilo husafiri hadi kwenye seva. Seva huitekeleza, kisha hurudisha mabadiliko ya picha ili yaonekane kwenye kioo.

Kila mtumiaji aingiapo hufunguliwa kikao chake. Kikao kina kumbukumbu yake, mafaili yake, na madirisha yake, na hakichanganyiki na cha jirani. Mtumiaji akifungua programu mbili zilizochapishwa katika seva moja, kwa kawaida zote mbili huendeshwa ndani ya kikao kimoja. Na mawasiliano yakikatika ghafula, kikao hakifi mara moja. Hubaki kikimsubiri mwenyewe kwa muda uliowekwa na msimamizi. Kwa nchi ambazo umeme hukatika mara kwa mara, sifa hiyo ni ya thamani: kompyuta ya mezani izimikapo, barua iliyokuwa ikiandikwa ingali hai katika seva, maadamu seva yenyewe ina umeme wa akiba.

3. Ndani ya njia ya mkato

Alama ambayo mtumiaji huibofya huitwa njia ya mkato. Katika mfumo wa RemoteApp, njia hiyo ni faili dogo la maandishi ambalo mtu yeyote aweza kulifungua na kulisoma. Ndani yake mna mistari ya namna hii:

full address:s:mratibu.shule.local
remoteapplicationmode:i:1
remoteapplicationprogram:s:||Hesabu
drivestoredirect:s:

Kila mstari una sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta mbili: jina la sifa, aina ya thamani, na thamani yenyewe. Herufi s yaonyesha kwamba thamani ni maneno, na herufi i kwamba ni namba kamili. Mstari wa kwanza wataja seva ya kuendea. Wa pili waagiza kwamba dirisha la programu moja ndilo litakalofunguliwa, si meza nzima. Wa tatu wataja programu yenyewe kwa jina la utani. Seva hulitafuta jina hilo katika orodha ya programu zilizochapishwa, na lisipokuwamo, ombi hukataliwa. Mstari wa nne wahusu diski za kompyuta ya mtumiaji, kama zifunguliwe kwa seva au la. Hapa umeachwa mtupu, yaani hakuna diski inayofunguliwa. Msomaji auangalie vema mstari huu wa mwisho, kwa sababu baadaye tutaona madhara yake.

Jambo la kutia akilini ni kwamba programu yenyewe haimo katika mistari hii. Faili lote halifikii hata ukurasa mmoja wa daftari, ilhali laweza kufungua programu ya uhasibu iliyo katika mji mwingine.

4. Kuwafikishia watumiaji njia zao

Baada ya programu kuwekwa na kuchapishwa, swali hubaki: alama itawafikiaje watumiaji mia mbili? Zipo njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni kunakili mafaili kwa mkono, ama kwa kuyatuma kupitia mtandao wa ofisi. Ni rahisi mwanzoni, lakini ina kasoro kubwa. Jina la seva likibadilika, alama zote mia mbili huwa vielekezi vya mahali pasipokuwapo, na fundi hulazimika kuanza upya.

Njia ya pili ni kuweka ukurasa mmoja ambao kila mtumiaji huufungua, akatoa jina lake na neno lake la siri, kisha akaonyeshwa alama za programu alizopangiwa. Mhasibu huona za uhasibu. Mwalimu huona za alama za mitihani. Hapa orodha iko mahali pamoja, na ikirekebishwa mara moja imerekebishwa kwa wote. Udhia wake ni kwamba mtumiaji lazima akumbuke kuufungua ukurasa huo kila siku.

Njia ya tatu, iliyoletwa na Windows 7 pamoja na Windows Server 2008 R2 mwaka 2009, huunganisha ubora wa zile mbili. Kompyuta ya mtumiaji hupewa anwani ya orodha mara moja tu. Tangu hapo huichukua orodha yenyewe na kuziweka alama katika menyu ya kuanzia, sawa na programu za kawaida. Kwa vipindi vilivyowekwa hurudi kuitazama tena: programu mpya ikiongezwa, alama yake hutokea, ikiondolewa, alama hutoweka. Mfano wake ni gazeti ambalo msomaji ameliagiza likamfikia nyumbani, ukilinganisha na lile ambalo kila asubuhi ni lazima alifuate dukani.

5. Shamba na mratibu wake

Seva moja haitoshi watu wengi, na ikiharibika wote husimama. Kwa hiyo huwekwa seva kadhaa zenye programu zile zile, na kundi hilo huitwa shamba la seva. Sharti la kwanza la shamba ni usawa. Ikiwa seva ya kwanza ina toleo jipya la programu na ya pili ina toleo la zamani, mtumiaji ataona leo hivi na kesho vile, wala hataelewa sababu.

Kwa kuwa njia ya mkato hutaja anwani moja, ilhali seva ni nyingi, pahitajika mratibu. Ombi la mtumiaji hupita katika hatua zifuatazo:

(a) Mtumiaji aliye nje ya jengo hupita kwanza katika lango, ambalo humtambua na kuyafunika mawasiliano yake kwa maandishi ya siri. Aliye ndani huweza kwenda moja kwa moja kwa mratibu.

(b) Mratibu huuliza: je, mtu huyu ana kikao kilichokatika? Akiwa nacho, hurudishwa kwenye seva ile ile penye kazi yake.

(c) Asipokuwa nacho, mratibu hutafuta seva yenye vikao vichache zaidi, akizingatia pia uwezo wa kila mashine, na kumwelekeza huko.

(d) Seva hiyo humfungulia kikao, na dirisha la programu hutokea kwenye kioo chake.

Bila hatua ya (b) mtumiaji angeweza kupelekwa kwenye seva nyingine na kuikuta barua yake haipo, kumbe iko hai katika mashine ya jirani.

6. Hesabu tatu za kufanya darasani

Hesabu ya kwanza yahusu picha. Kioo cha nukta 1366 kwa 768 kina nukta 1,049,088. Kila nukta ikihitaji biti 24, picha moja kamili ina biti 25,178,112. Katika njia ya mawasiliano inayopitisha biti milioni 2 kwa sekunde, picha hiyo ingechukua takribani sekunde 12.6. Ni dhahiri kwamba haiwezekani kutuma picha nzima kila herufi iandikwapo. Ndiyo maana seva hutuma sehemu iliyobadilika tu, tena ikiwa imebanwa, na kompyuta ya mtumiaji huhifadhi vipande vinavyorudiwa mara nyingi. Anayeandika barua hubadilisha sehemu ndogo sana ya kioo; anayetazama filamu hukibadilisha chote. Kwa hiyo utaratibu huu wafaa sana kwa maandishi na mahesabu kuliko kwa sinema.

Hesabu ya pili yahusu ucheleweshaji, ambao watu wengi huuchanganya na upana wa njia. Setilaiti ya mawasiliano iliyotulia juu ya ikweta iko kilometa 35,786 kutoka ardhini. Mawimbi ya redio husafiri kilometa 300,000 hivi kwa sekunde. Herufi iliyoguswa hupanda na kushuka, na jibu lake vile vile hupanda na kushuka: jumla safari nne, yaani kilometa 143,144, ambazo huchukua sekunde 0.48. Mtumiaji hugusa herufi, na nusu sekunde nzima hupita kabla hajaiona. Hakuna fedha iwezayo kuipunguza nusu sekunde hiyo, kwa sababu imewekwa na kasi ya nuru.

Katika waya wa nyuzi za kioo, nuru husafiri kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Waya wenye urefu wa kilometa 10,000 huchukua sekunde 0.05 kwenda na 0.05 kurudi, jumla 0.1. Hapa ndipo ilipo maana ya waya wa SEACOM uliofikishwa katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009. Kabla ya hapo mawasiliano yetu ya intaneti na ng'ambo yalitegemea setilaiti, na kutumia programu iliyoko ng'ambo kulikuwa adha. Na seva iliyo umbali wa kilometa 450 kwa waya hudai sekunde 0.0045 tu kwenda na kurudi, muda ambao jicho haliwezi kuutambua. Hivyo mahali seva ilipo si jambo la kupuuzwa.

Hesabu ya tatu yahusu wingi wa watumiaji. Tuseme seva ina kumbukumbu ya megabaiti 16,000, mfumo wenyewe wachukua 4,000, na kila kikao chahitaji 200. Zitabaki 12,000, nazo zatosha vikao 60. Seva tatu zatosha vikao 180. Je, msimamizi awaandikishe watu 180? Hasha. Seva moja ikiharibika, nafasi hubaki 120, na watu 60 watakosa kazi. Shamba la seva tatu linalotaka kustahimili hitilafu ya seva moja linafaa watu 120 tu. Nafasi 60 zinazoonekana kulala bure ni akiba ya siku mbaya, kama ghala la mahindi.

7. Alama si ruhusa

Sasa tuurudie mfano wa maktaba. Tuseme shule imechapisha programu ya kuingizia alama za mitihani, na njia yake ya mkato imepewa walimu peke yao. Msimamizi huona wanafunzi hawana alama hiyo kwenye vioo vyao, naye hulala usingizi mnono. Lakini tumekwisha kuona kwamba njia ya mkato ni faili la maandishi. Mwanafunzi mwerevu aweza kunakili faili la mwalimu, au kuandika lake mwenyewe kwa kubadili mstari mmoja. Ikiwa seva yamruhusu kuingia, na programu haikufungwa kwake, ataifungua. Kadi alinyimwa, mlango aliukuta wazi.

Tena kuna mwanya mwingine. Mtu aliyeruhusiwa programu moja tu, tuseme ya kuandikia, akibonyeza sehemu ya kufungua faili huonyeshwa makabrasha ya seva yenyewe. Kutoka hapo, kama seva haikulindwa, aweza kufikia programu nyingine ambazo hakukusudiwa kuziona. Seva ilikagua orodha wakati wa kuingia, lakini yaliyofuata ndani ya kikao hayakukaguliwa.

Kanuni ipatikanayo hapa ni hii: kuficha si kulinda. Ruhusa ziwekwe penye programu na mafaili yenyewe, huko kwenye seva, na kwa makundi ya watumiaji. Kisha orodha ya alama ifuate ruhusa hizo. Mambo hayo mawili yasipolingana, hutokea moja kati ya makosa mawili: mtu mwenye haki huona alama isiyofunguka, au mtu asiye na haki hufungua kisichoonekana. Kosa la kwanza hulalamikiwa siku ile ile. La pili huweza kudumu miaka bila mtu kulisema.

8. Njia ya mkato ya adui

Mpaka hapa tumemhofu mtumiaji. Lakini upo upande wa pili: je, seva ikiwa ndiyo adui? Mwezi Oktoba 2024, kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba kundi inaloliita Midnight Blizzard lilikuwa limewatumia barua maelfu ya watu katika mashirika zaidi ya 100. Serikali za Marekani na Uingereza hulihusisha kundi hilo na idara ya ujasusi wa nje ya Urusi. Barua hizo hazikubeba programu ya uharibifu. Zilibeba faili la njia ya mkato, la aina ile ile tuliyoieleza, tena likiwa limetiwa sahihi ya kidijitali.

Aliyelifungua aliunganishwa na seva ya wadukuzi. Na ule mstari wa nne, ambao katika mfano wetu tuliuacha mtupu, kazi yake huonekana hapa: ukiandikwa alama ya nyota, diski zote za kompyuta hufunguliwa kwa seva iliyoitwa. Mtu alidhani anakwenda kutazama programu ya mbali; kumbe yule wa mbali ndiye aliyepata kutazama mafaili yake.

Sahihi nayo huonyesha faili limetoka kwa mwenye cheti fulani na kwamba halikubadilishwa njiani. Haisemi kwamba mwenye cheti ni mtu mwema. Kwa hiyo kabla ya kukubali, msomaji asome jina la seva na la mtia sahihi, na ajiulize kama anawajua. Asiyewajua asibofye.

Wasimamizi nao wana wajibu wao. Seva za namna hii zisiwekwe wazi kwenye intaneti, bali nyuma ya lango. Mwezi Mei 2019 iligunduliwa kasoro iliyoitwa BlueKeep, ambayo ilimwezesha mshambuliaji kuingia katika seva zisizorekebishwa bila hata neno la siri. Uzito wake ulikuwa mkubwa hata Microsoft ikatoa marekebisho kwa Windows XP, mfumo iliokuwa imeacha kuuhudumia tangu 2014. Shamba hukusanya kazi za wote mahali pamoja; kwa hiyo hasara yake nayo hukusanyika mahali pamoja.

Hitimisho

Utaratibu wa kuchapisha programu una faida zilizo wazi: programu hutunzwa mahali pamoja, mashine kuukuu huendelea kutumika, na kazi haipotei kompyuta ya mezani inapozimika. Gharama zake nazo ni wazi: seva imara, leseni kwa watumiaji, mawasiliano ya kutegemewa, na msimamizi mwenye uangalifu. Shule isiyoweza kulipia leseni yaweza kuangalia mifumo huria, kama LTSP, iliyoanza mwaka 1999 kwa madhumuni ya kuendesha vioo vingi kutoka seva moja ya Linux.

Lakini lililo kubwa kuliko yote kwa mwanafunzi wa sayansi ni kuzoea kuuliza, kila aonapo alama: kitu chenyewe kiko wapi, nani ameelekeza njia hii, na nani anashika mlango?

Maswali ya kujadili

1. Seva nne zina uwezo wa vikao 45 kila moja. Ni watu wangapi wanaweza kuandikishwa ikiwa shamba lazima listahimili hitilafu ya seva moja?
2. Kwa nini kuongeza upana wa njia ya mawasiliano hakupunguzi ucheleweshaji wa setilaiti?
3. Mwalimu amehamishwa, na alama ya programu ya mitihani imeondolewa kwenye kioo chake. Taja mambo mengine mawili ambayo msimamizi hana budi kuyafanya.
4. Faili lina mstari drivestoredirect:s:* nalo limetoka kwa mtu usiyemjua. Eleza litakalotokea ukilifungua.